Muuza mboga wa Doha aliyekutwa na kadi tisa za chakula

Doha. Jua la Aprili halina subira. Soko la mazao ya mashambani lililo pembezoni mwa Abu Hamour halijafungua lango, lakini paa la bati limeshaanza kulia kwa joto. Arafa Shemhilu ananyunyizia maji mafungu ya jirjir, yale majani ya ukali ukali ambayo Waarabu huyala mabichi, ili yasisinyae kabla wenye magari hawajafika.

Anapanga matango. Anageuza bilinganya ili upande wenye kidoa ukae chini. Kisha mkono wake unakwenda wenyewe kwenye kona ya meza, karibu na mizani, unapapasa na kurudi mtupu.

Pale ndipo ilipokuwa ikikaa mashine ya kadi za chakula.

"Mkono bado haujazoea," anasema, na kucheka kicheko kifupi kisicho na furaha yoyote ndani yake. "Akili imeshajua kwamba imechukuliwa. Mkono unabisha."

Lango linafunguliwa. Ni Ijumaa, siku yenye wateja wengi. Miongoni mwa watu wa kwanza kuingia ni mwanamke mrefu mwenye kofia aliyoishusha hadi kwenye nyusi. Anapita mbele ya meza ya Arafa akitazama upande mwingine, anavuka njia na kusimama kwenye meza inayoelekeana nayo. Anachagua nyanya haraka haraka, anatoa kadi ya kijani, anabonyeza namba zake na kuondoka karibu mbio.

Arafa anamsindikiza kwa macho.

"Nyanya za pale ni mbovu," ananong'ona. "Yeye mwenyewe anajua ni mbovu. Lakini pale mashine ipo."

Mwezi mmoja na nusu uliopita mwanamke huyo alikuwa akimwita dada. Kadi yake ya zamani ilikuwa ikilala kwenye mtoto wa meza wa Arafa pamoja na nyingine nane, zimefungwa kwa mpira. Siku zilipokutwa, aliulizwa ofisini kama alimpa Arafa kadi yake au aliibiwa. Akasema aliibiwa. Watu wanane kati ya tisa walisema hivyo hivyo.

Wa tisa alisema kweli. Leo hana kadi.

Arafa ana miaka arobaini na mmoja. Ni mzaliwa wa Soni, Lushoto, mkoani Tanga, mahali ambapo mtoto anaijua kabichi kabla hajajua kusoma. Alikuja Doha miaka kumi na mmoja iliyopita kufanya kazi za ndani. Alilea watoto wa watu mpaka wakamzidi kimo, na nyumba ilipokuwa haina tena mtoto wa kulea, akahamia kwenye kampuni ya shamba linalouza mboga sokoni hapa kuanzia Novemba hadi Mei, siku tatu kila wiki.

Mshahara wake ni riyali 1,300 na kitanda. Zaidi ya nusu inakwenda Soni, kwa mama yake na kwa binti yake, Shamimu, aliye kidato cha tatu. Watanzania wenzake hapa humwita Mama Shamimu. Wakenya na Waganda nao wakaliiga jina hilo.

Kadi zilikuja misimu miwili iliyopita. Shirika moja la hisani, ambalo gazeti hili halilitaji kwa kuwa shauri halijamalizika, lilianza kuwapa kadi wafanyakazi ambao waajiri wao wamesimamisha mishahara na kesi zao zinasubiri kusikilizwa. Kila mwezi kadi inaingiziwa riyali 250. Haitoi fedha taslimu, hainunui sabuni wala vocha. Inanunua chakula tu, katika maduka machache na kwenye soko hili, ili mwenye njaa ale na mkulima wa hapa auze.

Wazo zuri. Atakayesema si zuri hajawahi kulala na njaa ugenini.

Meza ya Arafa ilikuwa ya kwanza kupewa mashine, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mtu anayeweza kumweleza mtu wa Afrika Mashariki jambo hilo kwa lugha anayoielewa. Shirika lenyewe lilimsifu. Mkuu wake wa kazi, ambaye wote humwita mudir, alimpiga picha akiwa ameishika mashine, akaituma kwa wenye shamba.

"Watu walikuwa wanaona haya," Arafa anakumbuka. "Mtu anakuja ameificha kadi kwenye mkono wa shati. Mimi namkaribisha kama mteja mwingine yeyote. Namwambia, chagua mwenyewe, bonyeza mwenyewe, hapa hakuna anayekuangalia."

Mmoja wa waliokuja hivyo ni Kwamboka, Mkenya kutoka Kisii, askari wa ulinzi wa kampuni iliyopoteza zabuni na kuacha kulipa mishahara. Siku ya kwanza alisimama mbele ya meza akaiona mulukhiya, majani ambayo Waarabu huyapika mchuzi mzito. Hakuyaita hivyo.

"Nikamuuliza, huu si mrenda?" anasimulia Kwamboka. "Akaniambia, kwetu mlenda. Woi! Miezi yote hiyo nakula mkate na chai, kumbe mboga ya kwetu iko tu hapa, imekaa inaniangalia. Nilishika meza nisianguke."

Habari zikasambaa. Ila kulikuwa na tatizo ambalo shirika halikuliona. Soko linafungwa alasiri, na watu wasio na mshahara hawakai kitako wakisubiri kesi. Wanaokoteza vibarua vya kufua, kupakia na kusafisha, na vibarua vyenyewe havina saa. Wengine wanaishi Al Thumama na hawana nauli ya kuja na kurudi. Wakija Jumamosi mchana, majani yamekwisha, yamebaki mabua.

Basi wakafanya kile ambacho mtu wa kwetu angefanya popote. Wakamwachia dada kadi.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Alhamisi mtu anatuma ujumbe: nyanya, kitunguu, mulukhiya. Ijumaa asubuhi, kabla wenye magari hawajayavamia majani, Arafa anapima, anapitisha kadi moja baada ya nyingine na kufunga mifuko. Philipo, Mganda anayeendesha gari la shamba, anarudi na makreti matupu kwa njia ya Mesaimeer. Anaishusha mifuko kwenye maegesho nje ya makanisa. Wakristo, ambao huku husali Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko, wakitoka ibadani wanachukua yao, na ya Waislamu wanawapelekea wale wanaolala nao jengo moja.

Namba za siri zilimchanganya mwanzoni. Kadi tisa, namba tisa, na kila ukikosea mara tatu kadi inajifunga. Akawaomba wote waweke namba moja, ile asiyoweza kuisahau hata akiamshwa usingizini: mwaka aliozaliwa Shamimu.

Unaposimuliwa hivyo, unaona wema tu. Mtambo wa shirika haukusimuliwa. Uliona kadi tisa za watu tisa, kwenye meza moja, ndani ya dakika chache, kila Ijumaa, soko likifunguliwa tu. Na shirika lilikuwa na sababu ya kushtuka, maana yapo maduka ya mitaani yanayonunua kadi hizi kwa nusu ya thamani yake, yanazikausha, na mwenye kadi anabaki na vijisenti vinavyokwisha siku ya tatu. Mwenye duka wa aina hiyo huonekanaje kwenye kompyuta? Huonekana kama Arafa.

Mkaguzi alifika Ijumaa ya katikati ya Februari. Kijana mstaarabu, Arafa anasema, alisalimia kwanza. Aliomba kufungua mtoto wa meza. Akazitoa kadi, akazihesabu, akamuuliza kama anazijua namba zake za siri.

"Ningesema sijui," anasema Arafa. "Lakini nilikuwa sioni kosa langu. Nikamwambia nazijua, ni moja zote. Nikaibonyeza hapo hapo mbele yake. Nilidhani nikimwonyesha ataelewa kwamba tunaaminiana."

Anafuta mizani ambayo haina uchafu.

"Nilijitia kitanzi mwenyewe, na nilikuwa natabasamu."

Mkaguzi akaona mtu aliyepora kadi tisa na kuzibadilisha zote namba. Mashine ikachukuliwa palepale, mbele ya wateja. Kadi zikafungwa. Mudir, yule wa picha, alisimama kando akitazama viatu vyake. Arafa akaambiwa asubiri, huenda polisi wakaitwa.

Wenye kadi wakaitwa ofisini, mmoja mmoja. Sheria ilikuwa kwenye karatasi waliyoipokea siku ya kwanza, kwa Kiarabu na Kiingereza: anayempa mfanyabiashara kadi yake pamoja na namba ya siri anaipoteza moja kwa moja. Aliyeibiwa anapewa mpya. Hapakuwa na mlango wa tatu.

"Huyo msee wa ofisi aliniuliza, ulimpa ama alichukua?" anasema Kwamboka. "Na alikuwa ananisaidia, unajua. Aliuliza mara mbili, akaniangalia vile mtu anakuonyesha jibu. Nikamwambia nilimpa. Na mkono yangu. Na namba tuliweka sisi wenyewe, ni ya mtoto wake."

Kwa nini hakusema kama wengine?

Kwamboka anakunja uso kana kwamba ameulizwa kwa nini anapumua. "Ningesema ameniibia, halafu Ijumaa niende Mesaimeer niimbe? Nimuimbie nani?"

Maneno yake hayo ndiyo yaliyomwokoa Arafa. Kwa kuwa mmoja alikiri kutoa kadi kwa hiari na kuieleza namba ilikotoka, shirika liliona haliwezi kuita jambo hilo wizi bila shaka yoyote. Polisi hawakuitwa. Arafa hakumwaga unga, angalau si mara moja. Alirudishwa kwenye meza, bila mashine, mpaka msimu ufungwe mwezi Mei. Baada ya hapo mudir amesema wataona, na Arafa amekaa Ghuba miaka ya kutosha kujua maana ya wataona.

Kwamboka alipokonywa kadi siku ile ile aliyokiri.

Tangu hapo anakula kwa kuungaunga. Wenzake wa chumbani Al Thumama humgawia wanapokuwa nacho. Arafa humnunulia mboga kwa fedha yake kila wiki, lakini hawezi kumlisha mtu mzima mwezi mzima bila Shamimu kukosa ada. Mboga zinazobaki sokoni haziruhusiwi kutolewa. Zinarudi shambani, zinakuwa chakula cha mbuzi.

"Mbuzi wanakula mulukhiya," anasema Arafa, na sasa sauti inampanda. "Mulukhiya ile ile! Naipakia kwenye gari kwa mikono yangu, na najua aliyeniokoa amekunywa chai kavu. Unadhani nalala?"

Mashavu ya Kwamboka yamebonyea. Mkanda wa sare ya kazi isiyokuwepo tena, ambao bado anauvaa, ameutoboa tundu jipya kwa msumari.

Alipewa nafasi ya kukata rufaa. Ofisa alimweleza waziwazi njia mbili. Ya kwanza, aseme alidanganywa na Arafa. Kadi itafunguliwa siku hiyo hiyo. Ya pili, alete mwenzake mmoja kati ya wale wanane atakayesema kama alivyosema yeye. Mmoja tu. Hapo kamati ya rufaa itajua kwamba ulikuwa utaratibu wa watu wasio na namna, na italitazama upya jambo lote, kadi zao na mashine pia. Ila yule mmoja ataweka kadi yake mpya rehani. Kamati ikikataa, naye ataipoteza.

Shauri limepangwa Jumapili, ambayo huku ni siku ya kazi. Leo ni Ijumaa.

Arafa amemsihi achukue njia ya kwanza. Walikosana kwa ajili hiyo, hawakusemezana wiki nzima.

"Nilimwambia, sema nimekudanganya, dada, mimi nitarudi Soni nikalime, sitakufa," anasema. "Akanijibu, Mama Shamimu, umechoka kunipenda?"

Ndiyo maana leo, baada ya soko kufungwa, Arafa hapandi gari la kampuni kurudi bwenini. Anajifunga upya mtandio, anachukua kifurushi cha mulukhiya alichokilipia asubuhi na kumwomba Philipo amshushe Mesaimeer. Kwa misimu miwili mifuko yake ilifika hapa kila Ijumaa. Yeye mwenyewe, Mwislamu asiye na shughuli na makanisa, hajawahi kukanyaga.

Anasimama kwenye maegesho, chini ya taa ambayo haijawashwa. Watu wanamiminika kutoka ibadani kwa mamia: Wafilipino, Wahindi, Waganda, Wakenya wenye suti zilizopigwa pasi. Wengine wanaimba bado.

Wa kwanza kumwona kati ya wale wanane anageuka na kurudi ndani. Wawili wanamsalimia kwa mbali, kwa mkono, na kujitia wana haraka ya basi. Arafa hawafuati.

Yule mwanamke mrefu wa asubuhi ndiye anayesimama. Tumwite Millicent, si jina lake halisi. Ni Mkenya aliyekuwa mhudumu wa hoteli, na kofia ameivua kwa ajili ya ibada.

"Mama Shamimu," anasema, na macho yanamjaa maji papo hapo. "Usinichukie."

"Sijakuchukia. Nimekuja kukuomba Jumapili twende pamoja na Kwamboka. Useme tu ilivyokuwa."

"Siwezi."

"Mmoja tu ndiye anayetakiwa."

"Na wakikataa? Hiyo kadi si yangu peke yangu. Tuko watatu kwa hiyo nyumba tunakula juu yake. Mmoja anaumwa. Nitarudi niwaambie nini, nimesema ukweli, sasa mlale njaa?"

Arafa anaitikia kwa kichwa, pole pole, maana ni kweli, na ukweli huo naye ameubeba tangu Februari. Si mara moja amemwambia mwandishi huyu asiwaandike vibaya wale wanane. Mwenye shibe, anasema, asiwahukumu.

Millicent anatazama kulia, anatazama kushoto. Anafungua pochi. Kabla Arafa hajaelewa kinachotendeka, kadi ya kijani imo kiganjani mwake, na vidole vyake vimekunjwa juu yake na mkono wa mwenzake.

"Mnunulie Kwamboka," Millicent ananong'ona. "Kesho soko liko wazi. Chukua hata ya hamsini. Namba ni ile ile."

Ile ile. Alipopewa kadi mpya, baada ya kusema ameibiwa, alikwenda akabonyeza tena mwaka aliozaliwa Shamimu.

Arafa ameishika kadi. Mtu yeyote wa shirika akipita sasa hivi, hakutakuwa na shauri tena wala rufaa; itakuwa gereza, kisha ndege. Anajua. Uso wake unaonyesha kwamba anajua, na unaonyesha pia kwamba anafikiria kifurushi kimoja cha mulukhiya, nyanya, vitunguu, na pengine viazi.

Anairudisha. Anaitia mwenyewe ndani ya pochi ya Millicent na kuifunga zipu.

"Kadi nimeshashika za kutosha," anasema. "Mimi nataka neno lako. Jumapili, saa tatu. Nitakuwekea kiti."

Basi linapiga honi. Millicent anavaa kofia yake na kuondoka.

Kwamboka anatokea mwisho kabisa, maana alibaki kusaidia kupanga viti. Anamwona Arafa, anaelewa mara moja alichokuja kufanya, na anakasirika. "Usiniombee kwa watu," anasema. "Mimi si ombaomba." Kisha anauona mfuko, anaupokea, anaufungua na kutia pua ndani. Wanabaki wamesimama pale, begani kwa bega, mpaka maegesho yanakuwa matupu.

Jumapili, ukumbi wa kusubiria wa shirika una baridi ya viyoyozi na viti vya chuma vilivyoungana vitatu vitatu. Arafa ameomba ruhusa kwa mudir, ambaye alisema sawa bila kumtazama. Amevaa baibui lake la Idi. Kwamboka amevaa shati la sare, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

Wamekaa mwanzo na katikati. Kwenye kiti cha tatu Arafa ameweka mfuko wa mboga.

Anaulizwa ana mpango gani, maana Mei haiko mbali. Anasema akirudishiwa mashine atawaomba wenye shamba wamwache abaki na meza hata joto likianza, na atawaomba shirika waruhusu mtu mmoja kununulia wengine kwa majina, kwa maandishi, mchana kweupe. Asiporudishiwa, Soni ipo, na kabichi zipo. "Ila mpango wangu mkubwa ni leo," anasema. "Huyu ale."

Saa tatu inapita. Mzee mmoja wa Kinepali anakuja na fimbo ya kutembelea, anakitazama kiti chenye mfuko. Arafa anainuka, anampa cha kwake na kusimama ukutani. Mfuko hauondoi.

"Hapa kuna mtu," anamwambia kwa Kiarabu, kwa upole.

Kila mlango wa kioo unapofunguka, wote wawili wanageuza shingo. Anaingia mtu wa maji. Anaingia mwanamke na mtoto. Anaingia askari wa zamu.

Karani anaita jina la Kwamboka, analivunja vipande vitatu. Kwamboka anasimama, anavuta mkanda wake, na kunyoosha mkono auchukue mfuko.

"Uache," anasema Arafa. "Akija asije akadhani hatukumngoja."

Wanaingia wawili. Mlango unafungwa nyuma yao, na mfuko unabaki umekalia kiti.